Bima ya nyumba hulipa kiasi gani, na kwa nini mara nyingi ni pungufu ya ulichotarajia

Aliyekata bima ya nyumba huwa anakumbuka tarakimu moja: ile iliyo kwenye hati, tuseme milioni 80. Nyumba ikiungua hudhani ndizo atakazopewa. Lakini hiyo ni dari tu, kiasi ambacho kampuni haitakivuka. Kinacholipwa ni hasara yenyewe, nayo hupimwa kwa njia mojawapo kati ya mbili, kutegemea mkataba unasemaje.

Njia ya kwanza ni thamani ya sasa, yaani bei ya kitu kipya ukitoa uchakavu. Chukua friji uliyoitumia miaka minne, ambayo mpya yake leo Kariakoo ni shilingi 1,600,000. Mtathmini, yule anayekuja kupima hasara, akiona friji ya aina hiyo hudumu miaka minane, nusu imeshaliwa, utapata 800,000. Njia ya pili ni kipya kwa cha zamani: unalipwa 1,600,000 bila kukatwa uchakavu. Ada yake ni kubwa zaidi, na kampuni nyingi hazitoi pesa yote mpaka uonyeshe kwamba umenunua kingine kweli. Nguo na mashuka kwa kawaida hukatwa uchakavu hata hapo.

Kwa jengo, kiasi cha kuandikisha ni gharama ya kulijenga upya leo: kubomoa mabaki, kuzoa kifusi, vifaa, ufundi na ada za wataalamu. Kiwanja hakimo. Mwenye nyumba ya Mikocheni anayeandika bei ambayo angeiuzia analipia ardhi, na ardhi haiungui.

Kosa la upande wa pili, la kuandika pungufu, ndilo linaloumiza. Dar es Salaam wengi hujenga kidogo kidogo, leo msingi, mwakani lenta, halafu bati. Siku ya kukata bima mtu anajumlisha alichotumia miaka yote hiyo, kwa bei za saruji na nondo za wakati ule. Hapo ndipo kinapoingia kifungu cha uwiano, ambacho watu wa bima hukiita avereji. Nyumba inahitaji milioni 160 kujengwa upya, wewe umeandika 80. Moto unaunguza jiko na sehemu ya dari, hasara milioni 20. Kwa kuwa ulikata bima ya nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara: milioni 10. Ikitolewa eksesi, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, tuseme 500,000, mkononi zinafika 9,500,000. Watu hulalamika kwamba hasara ya milioni 20 ni robo tu ya zile 80 walizoandika, na bado imekatwa. Ndivyo kifungu kinavyofanya kazi: nusu ya nyumba uliibeba mwenyewe tangu siku ya kwanza. Dawa yake ni kumlipa mkadiriaji majenzi akupe hesabu, na kuirekebisha kila unapohuisha bima.

Vyombo vya ndani navyo vina kiasi chake, na avereji inavihusu vilevile. Pita chumba kwa chumba na simu, piga picha, andika. Vinavyosahaulika sana ni mapazia, viyoyozi na vyombo vya jikoni. Mpangaji yeye anakatia vyombo vyake tu. Jengo ni la mwenye nyumba.

Kuhusu maji, uliza mapema. Bomba likipasuka ghafla, kwa kawaida inalipwa. Paa lililovuja masika baada ya masika mpaka jipsamu ikaoza halilipwi, wala mlango ulioliwa na mchwa. Mafuriko yasomwe kwenye mkataba wenyewe. Baada ya yale ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 hakuna anayehitaji kuelezwa Jangwani ni bondeni, na kwa maeneo kama hayo kampuni inaweza kukataa au kudai eksesi kubwa. Angalia pia kama ukuta wa uzio umetajwa. Umeme ukirudi kwa nguvu ukaunguza televisheni tu, bila moto kusambaa, mikataba mingi hailipi mpaka uwe umeongeza kipengele hicho. Wizi nao hudai dalili za kuvunja: kitasa kilichong'olewa, nondo iliyokatwa. Mlango ulioachwa wazi huzua mabishano.

Janga likitokea, piga 114 kwa zimamoto, kisha katoe taarifa polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Iarifu kampuni siku hiyohiyo, maana mkataba una ukomo wa siku. Piga picha kabla ya kufagia. Funika paa kwa turubai na utunze risiti yake, kwa sababu kuacha mvua iongeze uharibifu ni sababu ya kukatwa. Usitupe friji iliyoungua wala kumuuzia muokota chuma chakavu: mtathmini lazima aione, na ukishalipwa, mabaki huwa ya kampuni. Kama nyumba iko kwenye mkopo na benki imetajwa kwenye hati, pesa ya jengo inaweza kupitia benki kwanza.

Mwishoni utaletewa hati ya kukubali malipo uisaini. Ukisaini kwamba umeridhika na umelipwa yote, dai limefungwa. Kama hesabu huielewi, omba ripoti ya mtathmini kwanza. Mkishindwana na kampuni, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla kalamu haijagusa karatasi.