Kisogo Kwanza: Kuendesha Klabu ya Judo Tanga Bila Kuumiza Watoto

Ajali mbaya kuliko zote katika judo huwa na sura ileile: mwanafunzi mgeni, mtama wa nyuma, kisogo kinatua kwenye mkeka kabla ya mgongo. Ninapopanga ratiba ya mazoezi, ukubwa wa ukumbi au mashindano ya klabu, naanza na picha hiyo, na ningependa kila klabu ya mtaani, iwe Makorora, Ngamiani au Chumbageni, ianzie hapo.

Japani, ambako Jigoro Kano alifungua Kodokan mwaka 1882, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shule kati ya mwaka 1983 na 2011. Wengi walikuwa katika mwaka wao wa kwanza wa mazoezi, na chanzo kikubwa kilikuwa damu kuvuja ndani ya fuvu. Mbinu iliyojirudia kwenye ajali za kichwa ni osoto-gari, ule mtama unaofagia mguu kwa nyuma huku kifua kikisukumwa. Kinachotisha ni kwamba kichwa si lazima kigonge chini kwa nguvu. Kikirushwa nyuma ghafla na shingo ikashindwa kukishika, mishipa midogo kati ya ubongo na utando wake inaweza kukatika. Ndiyo maana mkeka mzuri peke yake haumlindi mtoto asiyejua kuanguka.

Kwa hiyo wiki nane za kwanza ni za ukemi, yaani ufundi wa kuanguka. Mtoto alale chali, kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda wake. Mikono itoke kiunoni kwa pembe kati ya nyuzi 30 na 45, viganja chini, ipige mkeka sambamba na mgongo kutua. Mikono ikipanuka hadi usawa wa mabega, bega ndilo linalopokea mshtuko. Ikibana sana mbavuni, mwili hulalia kiwiko. Kosa ninalolipigia kelele kuliko yote ni kutanguliza kiganja nyuma ili kujizuia, kwa sababu hapo ndipo kiwiko huteguka au mtulinga kuvunjika.

Wiki ya 1 na ya 2 ni kuanguka kutoka kulala na kuchuchumaa. Ya 3 na ya 4, kusimama, kuanguka ubavu, kubingiria mbele kwa bega. Ya 5 na ya 6, mwenzake anamwangusha polepole akiwa amepiga goti moja. Ya 7 na ya 8 zinaingia mbinu zinazomshusha mtu taratibu, kama o-goshi (kurusha kwa nyonga) na de-ashi-barai (kufagia mguu wa mbele). Osoto-gari naiweka mwisho kabisa, na randori ya kusimama, yaani kupigana kwa mazoezi, haianzi kabla ya wiki ya 9, hata kama mzazi analalamika kwamba mwanawe "hajapigana bado". Kabla ya kumruhusu mtoto aangushwe kinyumenyume, nampima shingo: alale chali, ainue kichwa upana wa vidole viwili, akishikilie sekunde 30. Akitetemeka na kukiachia, arudi kwenye mazoezi ya shingo kwanza. Hicho ni kipimo changu cha ukumbini, si cha kidaktari, lakini humwonyesha mwalimu nani hayuko tayari.

Upande wa pili ni wa anayeangusha. Huyo ndiye mwenye dhamana ya kichwa cha mwenzake. Mkono ulioshika mkono wa judogi, vazi la judo, hauachiwi. Unavutwa juu wakati mwenzake anatua, ili mgongo wa juu na kichwa visishuke kwa uzito wote. Mwanafunzi anayeachia mkono, au anayejitupa juu ya mwenzake ili mwereka uonekane mkubwa, namsimamisha palepale. Wakati wa mazoezi, tofauti ya uzito kati ya wawili isizidi asilimia 10, na mgeni aangushwe na mzoefu anayejua kuvuta, asiachiwe mgeni mwenzake.

Sasa mikeka. Tatami ya judo huwa mita 1 kwa 2, unene sentimita 4, sponji iliyogandamizwa na kufunikwa kwa ngozi ya plastiki. Uwanja wa mikeka wa mita 8 kwa 6 unahitaji vipande 24. Mikeka ya fumbo ya watoto yenye unene wa sentimita 2 haifai kwa kurushana. Godoro laini nalo lina hatari yake: mguu unazama, mwili unageuka, goti linabaki nyuma. Godoro litumike kwa kurushia tu, mtu akiangushwa juu yake na mwingine akiwa amesimama kwenye mkeka mgumu.

Sakafu zetu nyingi ni saruji, isiyonesa hata kidogo. Ukipata fedha baada ya kununua mikeka, weka chini yake mbao za plaiwudi zilizokalia vipande vya mpira wa tairi. Kabla ya hapo, shughulikia nyufa kati ya mikeka. Mikeka hutengana polepole, kidole cha mguu kinaingia kwenye ufa na kuvunjika. Zungushia fremu ya mbao ya inchi 1 kwa 4 iliyolazwa ubapa, ili iwe chini ya uso wa mkeka. Ukiisimamisha wima umetengeneza ukingo wa kuvunjia mbavu. Acha angalau mita 2 hadi ukutani, nguzo zifungwe magodoro ya zamani, na wakati wa randori ya kusimama hesabu mita za mraba 12 kwa kila jozi. Kwa hiyo kwenye mita 48 wanacheza watu wanane tu. Wengine wapige magoti pembeni, nyuso zikitazama uwanja. Aliyekaa kwa kugeuza mgongo ndiye anayeangukiwa.

Hali ya hewa yetu inataka sheria zake. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Tanga lina unyevu wa bahari, jasho halikauki, na judogi ya pamba nzito inalizuia mwilini. Anza saa 10:30 alasiri, pumzika kunywa maji kila baada ya dakika 15 hadi 20, vua koti la judogi wakati wa kupasha mwili. Mtoto anayeyumba, kuchanganyikiwa au kutapika katikati ya joto apelekwe kivulini, avuliwe, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa wakati usafiri unatafutwa. Kupozwa hakusubiri hospitali. Mwezi wa Ramadhani naondoa randori kabisa kwa waliofunga. Saa moja kabla ya futari tunafanya uchikomi nyepesi (kurudia kuingia mbinu bila kuangusha) na mbinu za chini, au zoezi linahamia baada ya tarawehe.

Fomu ya kujiunga iulize mambo manne kwa majina yake: pumu, kifafa, selimundu na malaria ya karibuni. Mwenye selimundu anaweza kuamshiwa maumivu makali na kukosa maji na uchovu, hivyo daktari ndiye aseme anaweza kufanya nini. Kuhusu malaria, wengi hawajui kwamba bandama huvimba, na bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa pigo la tumboni au kwa kulaliwa wakati wa osaekomi, yaani kubanwa chini mkekani. Homa kuisha si ruhusa ya kurudi. Mtoto apimwe tumbo kwanza.

Ngozi ni jambo fupi: choa, mapunye, upele na majipu hubaki nyumbani hadi vipone. Kucha fupi, hereni na bangili nje, miguu ioshwe kabla ya kupanda mkekani na kandambili zivaliwe kwenda msalani. Mikeka ifutwe kila baada ya zoezi kwa jiki ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa lita 1 ya maji, iachwe dakika 10, kisha ipanguswe kwa maji safi. Wakati wa masika isimamishwe ukutani ipigwe hewa, la sivyo ukungu unaota upande wa chini.

Wasichana wanaovaa hijabu wavae inayobana, ya kuvutika, bila pini hata moja. Wakienda kushindana, mwalimu awaulize waandaaji mapema. Mazoezi ya watoto yasimamiwe na watu wazima wawili, mlango wazi, mzazi anayetaka kutazama apewe kiti.

Kabali ninaifungia kwa walio chini ya miaka 13, na mbinu za kukunja kiwiko kwa walio chini ya 15. Anayebanwa hugonga mara mbili, na mwenzake huachia hapohapo bila kuuliza. Mtu akizimia kwa kabali, aachiwe, alazwe ubavu; kwa kawaida huzinduka ndani ya sekunde chache. Siku hiyo mazoezi yake yameisha. Asipozinduka haraka, ni dharura.

Tangu Andrew Thomas Mlugu aiwakilishe Tanzania kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 katika uzito wa kilo 73, hamu ya watoto kushindana ina mfano wa kutazama, na ni hamu njema. Wapinzani wengi wa karibu wako ng'ambo, Zanzibar, ambako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha judo kwa miaka mingi. Lakini mtoto asivuke bahari kabla hajashindana nyumbani mara kadhaa.

Mashindano ya ndani ya watoto 24 yagawe katika makundi sita ya watoto wanne, kwa uzito halisi wa asubuhi ile (tofauti asilimia 10) na kwa muda waliojifunza. Mwenye miezi mitatu asikutane na mwenye miaka mitatu hata kama kilo ni zilezile. Kila kundi lina mapambano sita, jumla 36. Pambano la dakika 2, pamoja na kuitana na kusalimiana, hula kama dakika 4, kwa hiyo tenga saa 2 na nusu. Hapa ndipo waandaaji wengi hukosea: humaliza kundi moja kabla ya kuanza jingine. Katika kundi la watu wanne hakuna mpangilio unaoweza kuzuia mtu kupigana mara mbili mfululizo. Changanya makundi manne au zaidi, pambano moja kutoka kila kundi kwa zamu, na kila mtoto atapata mapumziko ya dakika 12 au zaidi. Kiwango cha kimataifa ni dakika 10.

Kwa watoto zuia mbinu za kujitupa chini, kupiga magoti yote mawili kwa seoi-nage (kurusha kwa kumpitisha mwenzako mgongoni), na kushika shingo. Kani-basami, mbinu ya kumbana mwenzako kwa miguu kama mkasi, imepigwa marufuku kwa kila mtu. Mwaka 1980 ilimvunja mguu Yasuhiro Yamashita, bingwa mkubwa wa Japani. Mwamuzi awahi kusema "matte" (simama) mara anapoona kichwa kimeinama kuelekea mkekani. Mtoto anayekula kidogo na kutoka jasho ili ashuke kundi la uzito, mtoe kwenye orodha na umweleze mzazi sababu.

Kichwa kikigongwa, hata bila kuzimia, mtoto harudi mkekani siku hiyo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni zisizolingana au degedege, ni hospitali ya Bombo mara moja. Akirudi baadaye kwa ruhusa ya daktari, apande hatua kwa hatua, angalau saa 24 kila hatua: kutembea, kukimbia, uchikomi, kuanguka, na randori mwisho. Dalili ikirejea, ashuke hatua moja.

Usafiri upangwe kabla ya zoezi kuanza. Mwenye jeraha la kichwa au shingo asipakiwe bodaboda akishikwa na mtu nyuma. Shingo isiyoshikiliwa itayumba kila penye shimo. Akilalamika shingo au ganzi mikononi, asisogezwe, mtu mmoja amshikilie kichwa kwa mikono miwili hadi gari lifike. Namba ya dereva mwenye gari la kumlaza mtu iandikwe kwa kalamu nene ukutani, karibu na mlango, pamoja na namba ya mzazi wa kila mtoto aliyepo.