"Crack down" si kupiga marufuku

Wateja wanaoniletea tafsiri za habari za Kiingereza nizihariri wamenichosha na kosa moja. Wakikutana na "crack down on", wanaandika "yapiga marufuku". Basi habari ya polisi kuwabana bodaboda wasio na leseni inamfikia msomaji kama "Bodaboda wapigwa marufuku", na kijana mwenye leseni yake mfukoni anaanza kuhangaika na pikipiki ya mkataba ambayo hajamaliza kuilipia.

Hakuna katazo jipya hapo. Katazo lipo siku zote, watu wamelizoea na kulipuuza. Kilichobadilika ni kwamba wenye mamlaka wameamua kulisimamia kwa ukali. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 1 Juni 2019, na Kiingereza cha hatua hiyo ni "ban". Maofisa wakiingia sokoni baadaye kuwasaka wanaoiuza kwa kificho, hiyo sasa ndiyo "crackdown". Au chukua Netflix, huduma ya kutazama filamu mtandaoni: masharti yake yalishasema akaunti ni ya watu wa nyumba moja, lakini kwa miaka mingi iliwafumbia macho waliogawana nywila. Mwaka 2023 ikawabana, na magazeti ya Kiingereza yakaandika "crackdown". Sahihi kabisa.

Kwa hiyo, kabla hujatafsiri, jiulize: jana jambo hili lilikuwa ruhusa? Kama lilikuwa kosa tangu jana, andika msako, operesheni, kubana, kukaza kamba. Mimi hupenda "kubana", maana halimwongezei msomaji sheria isiyokuwepo.

Mfano huo wa Netflix unawajibu pia wanaodhani ni kazi ya polisi tu. Shule inayoanza kukagua simu bwenini nayo ina-"crack down". Na si lazima pawe na virungu. Kwa waandamanaji, kama Beijing mwaka 1989 jeshi la China lilipowaua waandamanaji, neno hilo hubeba damu. Kwa wakwepa kodi huwa ni ukaguzi na faini.

Kitenzi huandikwa maneno mawili, nomino neno moja. Ukitaja kinachobanwa, kitenzi hufuatwa na "on", si "against". Na kinachofuata "on" kiwe kosa au mkosaji. Ukiandika "crack down on traders" umewatia hatiani wafanyabiashara wote; andika "on tax evasion", anayelipa kodi yake alale usingizi.