Kiangazi cha Nairobi na Dhana Zisizokauka

Mama fua wetu hahitaji redio kujua hali ya hewa. Hufika saa mbili asubuhi, hupanda ngazi mpaka juu ya paa la fleti, hutazama upande wa Ngong, kisha huamua aanze na mablanketi au na soksi. Januari akianika jinzi saa nne, saa saba anaikunja. Julai jinzi hiyo hiyo hulala kwenye kamba siku tatu, na siku ya tatu ukiishika mfukoni bado ni mbichi, tena imeanza kunuka kama kitambaa cha jikoni. Misimu ya Nairobi ni hiyo, na mengi tunayoambiana kuihusu si ya kweli.

"Kiangazi ni summer"

Shuleni tuliandika jedwali: kiangazi ni "summer", kipupwe ni "winter", na vuli ikapachikwa kwenye msimu wa Wazungu wa majani kupukutika. Jedwali lile lilinipa alama zote, na ni bovu. Maneno haya yalizaliwa Pwani, kwa watu waliohesabu mwaka kwa pepo na mvua. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ni kiangazi. Kisha mvua ndefu za masika mpaka Mei. Kusi ikishika kasi, kipupwe. Halafu mvua fupi za vuli kuanzia Oktoba. Katika vuli yetu hakuna jani linaloanguka kwa baridi. Watu wanapanda maharage.

Msimu wa joto wa Ulaya ni habari ya siku kurefuka, jua kugoma kuzama. Nairobi iko kama nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote hazipishani hata robo saa. Mwenye kibanda hufunga giza lile lile, Januari na Julai.

"Julai kuna baridi kwa sababu jua limeenda mbali"

Hii husemwa kwa uhakika mkubwa, hasa ndani ya matatu yenye madirisha yaliyofungwa. Kinachochekesha ni kwamba wasemaji wamebahatisha nusu. Dunia huwa mbali zaidi na jua mapema Julai, kiasi cha kilomita milioni 152, na karibu zaidi mapema Januari, milioni 147. Lakini Julai hiyo hiyo watu wa London wanatembea na kaptula, kwa hiyo umbali haujibu swali.

Wala si kuinama kwa jua. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri la Nairobi husimama nyuzi 65 hivi juu ya upeo wa macho. Mwishoni mwa Desemba, nyuzi 68. Nyuzi tatu! Ukisimama uwanjani siku hizo mbili huwezi kutofautisha urefu wa kivuli chako.

Shida ni wingu. Kusi huchukua unyevu wa Bahari ya Hindi, huupitisha nyika, kisha huupandisha mteremko wa nyanda za juu zilizo mashariki mwa Bonde la Ufa. Hewa ikipanda hupoa, unyevu ukawa wingu. Juu ya wingu hilo kuna tabaka la hewa yenye joto kidogo linalokaa kama kifuniko cha sufuria: wingu haliwezi kupaa likawa la mvua ya maana, na halitawanyiki pia. Linatulia tu, chini, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Januari Nairobi hupata wastani wa saa tisa hivi za jua kwa siku; Julai zinabaki kama nne. Siku kama hiyo ukipanda matatu ya Naivasha, ukianza kuteremka ukingo wa Bonde, mara nyingi wingu linabaki nyuma yako na koti linageuka mzigo.

Usiku ndio hunishangaza zaidi. Vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti vinaonyesha kwamba mchana wa Februari hufika karibu nyuzi 27 kwa wastani, na wa Julai 22. Pengo hilo kila mtu analihisi. Lakini alfajiri tofauti ni kama nyuzi moja na nusu tu. Usiku wa kiangazi anga huwa wazi, na joto lote la mchana hupaa bila kizuizi. Wingu la Julai linatunyima jua lakini usiku linatufunika. Ndiyo sababu mtu wa boda boda huvaa jaketi zito Januari saa kumi na mbili asubuhi. Wageni humcheka. Saa nane mchana jaketi lile analifunga kiunoni na wageni ndio wanatafuta kivuli.

"Kiangazi ni kikavu, Julai ni ya mvua"

Hapa hata mimi nilibisha. Aprili hunyesha zaidi ya milimita 200. Januari, mwezi tunaouita wa ukame, hupata kama 60, mabaki ya vuli yakisaidia. Na Julai? Chini ya 20. Ndiyo miongoni mwa miezi mikavu kabisa ya mwaka jijini. Tunachokiita mvua ya Julai ni manyunyu ya kulowesha miwani tu, na jinzi inakosa kukauka kwa kukosa jua.

Nilimpelekea mama fua takwimu hizi nikitarajia pongezi. Akakamua shati, akaniangalia. "Sasa hiyo milimita itanisaidia nini, na nguo ni mbichi?"

"Jua linalounguza ni la Mombasa, la huku ni la picha"

Februari fulani shangazi yangu wa Kisauni, Mombasa, alikuja kututembelea. Asubuhi ya pili alipanda juu ya paa na sinia la minji, akakaa kumenya karibu na kamba za nguo. Nikamwambia, "Shangazi, vaa kofia." Akanijibu, "Mwanangu, kofia ya nini na upepo wote huu? Mimi nimezaliwa kwenye jua." Alikaa tangu saa nne hadi saa saba na hakutoa tone la jasho. Jioni paji la uso lilikuwa linamwasha, na juu ya pua ngozi imekakamaa na kung'aa. Siku ya tatu ikaanza kubanduka. "Hili jua lenu," alisema akijipaka mafuta ya nazi, "halina joto lakini lina meno."

Alikuwa amesema fizikia bila kukusudia. Joto tunalolisikia na mionzi inayochoma ngozi, ile ya urujuanimno, ni vitu viwili. Joto hushuka kadiri unavyopanda mlima, zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Mionzi hupanda, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua: karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Kwa anga lile lile safi, shangazi alikuwa anachomwa zaidi ya alivyozoea kwao, huku upepo ukimdanganya. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hutupita wima utosini, na wingu jepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo, kwa hiyo "leo kuna mawingu" si kinga.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ndiyo, ila kinga hiyo ina mwisho. Kwa watu wenye ualbino hakuna nafasi ya kubahatisha kabisa; kwao mafuta ya kukinga jua ni kama dawa, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwagawia bure. Anayeyaita urembo hajakaa nao.

"Kumenyesha, mifereji itatoka maji"

Kabla ya kupanda matatu kuja kwetu, mama fua hupiga simu. Hasalimu sana. "Maji iko?" Kiangazi swali hilo linaamua siku yake: isipokuwepo, anashinda nyumbani bila senti, au sisi tunanunua mitungi ya mkokoteni na kufua nusu ya nguo.

Watu hukasirika kwamba mvua imepiga Westlands usiku kucha na asubuhi mfereji unakohoa hewa. Lakini mvua ya Westlands haijawahi kuwa maji yetu ya kunywa. Inashuka kwenye Mto Nairobi, inaingia Athi na kuelekea Bahari ya Hindi pamoja na takataka zetu. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, chini ya milima ya Aberdare, linalolishwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Likijaa huchukua mita za ujazo milioni 70. Kama haikunyesha kule juu, hapa tunaweza kuogelea barabarani na bado tukawa kwenye mgao. Mwaka wa 2018 tuliliona hilo kwa macho: masika imefurisha barabara, ratiba ya mgao haijabadilika.

Tangu nijue haya nikitaka kukisia kuhusu maji nauliza walioko Murang'a kama kumenyesha. Hasira yangu kuhusu mabomba yanayovuja iko pale pale, lakini hayo ni ya siku nyingine.

"Githeri haiivi kwa sababu ya mkaa mbaya"

Mkaa mbaya upo, sikatai. Ila huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi kuliko ya Pwani. Kuongeza moto hakuyapandishi. Kunayamaliza tu sufuriani. Maharage yaliyoiva Mombasa kwa saa mbili huku yataomba muda zaidi, au sufuria ya presha, au kipande cha magadi. Na magadi yenyewe yanatoka Ziwa Magadi, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka hapa, chini kabisa ya Bonde la Ufa kwenye mita 600, ambako hakuna anayezungumzia koti mwezi wowote.

Wengine wakisikia hivyo huogopa kwamba maji ya kunywa yaliyochemshwa Nairobi hayafi vijidudu. Vinakufa. Nyuzi 94 zinatosha. Yaache yatokote dakika moja kisha yapoe.

"Mkaa ukishika na moshi ukiisha, jiko ni salama"

Kuhusu dhana hii sitanii. Kipupwe kikiingia, jioni utaona majiko nje ya milango yakipepewa, na mkaa ukishakuwa mwekundu wote, bila moshi, jiko linaingizwa chumbani. Kinachoonekana kama usafi ndicho kinachohadaa. Moshi ulikuwa unakuonya kwa kukuwasha macho. Hewa inayobaki, kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na mtu aliyechoka kazini hudhani ni uchovu. Analala.

Nimewahi kuambiwa niweke bakuli la maji karibu na jiko "limeze sumu". Hewa hiyo karibu haiyeyuki katika maji; bakuli litabaki na maji ya uvuguvugu tu. Na usidhani wa nyumba ya mawe yuko salama kuliko wa mabati. Chumba cha mawe chenye dirisha moja, tambara likiwa limezibwa chini ya mlango kuzuia baridi, ni kibaya zaidi. Jiko lipikie nje, libaki nje. Kitandani ingia na chupa ya maji ya moto na blanketi la pili. Ukiamka na kichwa kizito na jiko limo ndani, toka nje kwanza ndipo ufikirie, na uwatoe wengine.

Mengine, mbio mbio

Jakaranda zinazomwaga zambarau barabarani Septemba na Oktoba si miti ya Kenya. Asili yake ni Amerika Kusini. Mbu wako Nairobi, tele, na kiangazi huimba kuliko kawaida, ila malaria yenyewe wengi huipata wakisafiri kwenda kwingine, kwa kuwa baridi ya mwinuko huu humchelewesha kimelea kukomaa ndani ya mbu. Ukirudi kutoka Kisumu au Pwani na homa, mwambie daktari ulikotoka.

Na Nairobi haina hewa moja. Kutoka Dagoretti Corner, yalipo makao ya Idara ya Hali ya Hewa, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuna mteremko wa mita 170 hivi, na ukiendelea na Barabara ya Mombasa unazidi kushuka kuelekea Athi River, joto likipanda kidogo kidogo na wingu likichanika. Mama fua anakaa Mlolongo, upande huo. Julai iliyopita alichoka kutazama jinzi zetu zikivunda kwenye kamba, akazikunja mbichi, akazitia kwenye mfuko wa gunia na kupanda nazo matatu. Alhamisi akazirudisha zimekauka kau, zina harufu ya jua. Akadai nauli ya kwenda na kurudi, yake na ya gunia.