Yadi 2,065 za Mike Pringle

Katika miaka yote ya futiboli ya Kanada, mchezo wa kubeba mpira mkononi unaofanana na futiboli ya Marekani, msimu wa mkimbiaji (mchezaji anayekabidhiwa mpira akimbie nao) ninaouheshimu kuliko mingine ni ule wa 1998 wa Mike Pringle, aliyekuwa Montreal Alouettes. Alikimbia na mpira yadi 2,065 katika mechi 18. Hakuna aliyewahi kufikisha yadi 2,000 kabla yake, wala baada yake.

Uzito wa jambo hili umo kwenye sheria za mchezo. Futiboli ya Marekani huipa timu majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ya Kanada huipa matatu. La tatu mara nyingi huishia kwa kuupiga mpira mbali kwa mguu, hivyo yanabaki mawili ya kutegemea. Mkimbiaji akiambulia yadi mbili tu kwenye la kwanza, zimebaki nane, na walinzi wote wanajua pasi inakuja. Ndiyo maana makocha wa Kanada hupenda kurusha. Anayetaka kupewa mpira mara kwa mara sharti alete yadi tano au zaidi kila anapoushika. Pringle alipewa zaidi ya mara 340 mwaka ule, akaleta wastani wa karibu sita!

Hakuyafanya peke yake. Mbele yake walikuwapo wazuiaji kama Uzooma Okeke na Bryan Chiu. Tena, Kanada walinzi husimama yadi nzima kutoka kwenye mpira, na Pringle, mfupi aliyejaa, aliitumia nafasi hiyo ndogo kushika kasi kabla hajaguswa.

Kabla ya hapo Atlanta Falcons walimchagua mwaka 1990, lakini hakudumu NFL, ligi kuu ya Marekani. Alipata nafasi yake Baltimore, klabu ya Marekani iliyocheza ligi ya Kanada wakati huo: yadi 1,972 mwaka 1994, kisha Kombe la Grey, taji la ligi hiyo, la 1995, ambalo hakuna timu nyingine ya Marekani iliyowahi kulitwaa. NFL iliporudi Baltimore, klabu ikahamia Montreal.

Mwaka 2004, akiwa Edmonton, aliipita rekodi ya mkimbiaji George Reed ya yadi 16,116 za maisha yote ya uchezaji, iliyodumu tangu 1975. Hata hivyo, kwa maisha yote ya uchezaji bado namweka Reed juu: alizikusanya yadi zake akiwa klabu ya Saskatchewan tu, misimu 13, enzi ambazo msimu ulikuwa wa mechi 16.