Kuua na ushujaa: dhana tunazoziendekeza Uganda

Dhana: Shujaa wa taifa ni yule aliyeshika bunduki akaangusha maadui wengi.

Ukweli: Siku ya Mashujaa ya Uganda, Juni 9, haitokani na ushindi wowote wa vita. Ni tarehe aliyouawa Edidian Luttamaguzi huko Kikandwa, eneo la Luwero, mwaka 1981. Askari wa serikali walimtaka aseme walikojificha waasi wa Yoweri Museveni, waliokuja kujulikana kama NRA. Alikataa, akauawa pamoja na wanakijiji wenzake. Anakumbukwa kwa kufunga mdomo. Februari 16 nayo tunamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 baada ya kupinga wazi mauaji ya utawala wa Idi Amin. Na nani Gulu asiyemjua Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor? Aliuguza wagonjwa wa Ebola mpaka ugonjwa ukamchukua yeye mwenyewe, Desemba 2000.

Dhana: Amin alikuwa shujaa, mengine ni uzushi wa wazungu.

Ukweli: Huku Arua na Koboko, kwao Amin, maneno haya utayasikia, hasa kwa vijana waliozaliwa baada yake. Ni kweli kwamba Januari 1971, Amin alipopindua serikali, watu walijaa barabarani Kampala wakishangilia. Lakini mwaka huohuo askari Waacholi na Walango walichinjwa kambini na wenzao. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa Mahakama Kuu, asionekane tena. Hayo waliyashuhudia Waganda wenyewe. Makadirio ya waliouawa katika miaka ile minane yanatofautiana, ila hata ya chini kabisa ni makumi ya maelfu.

Dhana: Anayemwangusha dikteta ni shujaa, hata afanye nini baadaye.

Ukweli: Hapa ndipo roho inaponiuma. Wapiganaji wa UNLA, jeshi la Waganda waliompinga Amin, walishangiliwa mwaka 1979 walipoingia Kampala pamoja na jeshi la Tanzania, na kumwondoa Amin lilikuwa jambo jema. Miaka miwili tu baadaye, Juni 24, 1981, askari wa jeshi hilohilo la UNLA waliwaua raia waliokimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Zilikuwa zimepita wiki mbili tangu kifo cha Luttamaguzi. Watu wa West Nile, eneo hili alikotoka Amin, walilipishwa makosa yake, na maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Siwezi kumwambia mama aliyezika wanawe Ombaci kwamba waliowaua ni mashujaa kwa kuwa waliwahi kupigana upande wa haki.

Dhana: Kila aliyeua ni mwovu sawasawa.

Ukweli: Sheria inatambua kujitetea, mradi nguvu inayotumika ilingane na hatari. Mahakama nayo huangalia alikopitia mtu. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto, akaja kuwa kamanda wao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimtia hatiani mwaka 2021 kwa makosa 61, lakini ikampa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha, ikizingatia utoto alioporwa.

Dhana: Kumpiga mwizi mpaka afe ni kuulinda mtaa.

Ukweli: Ni mauaji. Aliyepigwa hakusikilizwa na hakimu yeyote, na mara nyingine hata hakuiba. Anayerusha jiwe katikati ya umati anaweza kushtakiwa kwa kosa lilelile ambalo angeshtakiwa kama angeua akiwa peke yake.