Gurosu: kipindi cha anime kinapotolewa kwa mkupuo

Katika studio za anime za Japani, gurosu ni kazi ya mkupuo: kipindi kizima cha mfululizo wa televisheni kinakabidhiwa studio nyingine. Studio iliyoingia mkataba na wenye fedha huitwa motouke, yaani mkandarasi mkuu. Hati ya hadithi kwa kawaida hubaki kwake. Studio ya gurosu inachukua kuanzia uongozaji wa kipindi na uchoraji mpaka upakaji rangi, na kwa malipo yaliyopatanwa mapema. Fikiria ujenzi: hujamwita fundi wa plasta tu, umemwachia mtu chumba kizima, funguo utapewa siku ya mwisho.

Gurosu si sawa na kutawanya kazi. Kipindi cha nusu saa, ukiondoa matangazo, kina katto (vipande vya picha kati ya mkato na mkato) zipatazo 300. Katika kutawanya, motouke hubaki na kipindi chake lakini anagawa katto 20 kwa huyu, 15 kwa yule, na michoro ya katikati, inayojaza mwendo kati ya michoro mikuu, inapelekwa Korea Kusini, China, Ufilipino au Vietnam. Mara nyingi yote mawili hutokea pamoja: aliyepokea gurosu naye hutawanya.

Chanzo cha haya yote ni ratiba ya kila wiki. Kipindi kimoja huchukua miezi kadhaa kutengenezwa, lakini kipya kinarushwa kila baada ya siku 7, kwa hiyo timu kadhaa lazima ziende sambamba. Studio isiyo na timu za kutosha haina njia isipokuwa kununua timu ya nje.

Fedha zinakaza kamba zaidi. Anime nyingi za televisheni hulipiwa na kamati ya utengenezaji: mchapishaji, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, wauza midoli. Wao ndio wenye haki. Studio ambayo haikuweka mtaji kwenye kamati hupata ada yake tu, hata kazi ikitamba dunia nzima. Ndiyo maana mwaka 2023 soko la anime lilipita yen trilioni 3.3, zaidi ya nusu yake kutoka nje ya Japani, na bado mchoraji wa chini, anayelipwa kwa karatasi, akawa anazihesabu moja moja. Mzizi ni wa zamani: mchora katuni Tezuka Osamu alipoanza kurusha mfululizo wake Tetsuwan Atom (Astro Boy) mwaka 1963, aliiuzia televisheni kwa bei iliyokuwa chini ya gharama, akitegemea mauzo ya bidhaa kuziba pengo.

Wengi husema kazi hupelekwa nje kwa sababu kule ni bei rahisi. Jibu hilo ni nusu tu. Piga hesabu. Kipindi hutumia karatasi 3,000 hadi 5,000 za michoro ya katikati, inayoitwa dōga, na kwa miaka mingi bei ya karatasi moja ndani ya Japani imezunguka yen 200. Karatasi 4,000 ni yen 800,000, wakati bajeti ya kipindi huwa makumi ya mamilioni. Ukipunguza bei hiyo kwa robo umeokoa yen 200,000. Hakuna studio iliyonusurika kwa kiasi hicho.

Kinachonunuliwa hasa ni muda. Wachoraji 10 wakitoa karatasi 20 kila mmoja kwa siku, karatasi 4,000 zinawachukua siku 20. Lakini dōga iko karibu na mkia wa mlolongo. Ubao wa hadithi ukichelewa wiki, michoro mikuu (genga) ikachelewa nyingine, siku ya kurusha haisogei, na mtu wa dōga anabakiwa na siku 5. Sasa wanahitajika wachoraji 40 kwa mpigo. Zamani bahasha za michoro zilipanda ndege ya jioni kwenda Seoul au Shanghai. Siku hizi yanatumwa mafaili.

Mambo huharibika ndani ya bahasha hiyo. Humo mna genga, karatasi za rangi zenye masahihisho ya msimamizi wa michoro, na jedwali la fremu, karatasi moja ya jedwali ikibeba sekunde 6, yaani fremu 144. Tuseme mhusika anageuza kichwa: mchoro wa kwanza na wa tano ni genga, mchoraji ajaze mitatu ya katikati. Pembeni kuna mstari mdogo wenye vialama unaoonyesha michoro isongamane wapi. Vialama vikisongamana mwishoni, kichwa kinapoa taratibu kabla ya kusimama. Asiyeusoma hugawa nafasi sawasawa, na kichwa kinazunguka kama feni. Kosa jingine ni mstari usiofunga: pengo la pikseli moja tu, ukimwaga rangi ya shavu inavuja hadi kwenye nywele. Makosa haya hurudishwa yafanyiwe upya, ila kama siku zimekwisha, msimamizi hukesha akiyachora mwenyewe, au yanarushwa hivyo hivyo.

Hasara ya pili huja polepole. Dōga ndiyo chuo cha mchoraji. Ikiondoka nchini, wanaopanda kuwa wachoraji wa genga na wasimamizi ni wachache, kwa hiyo gurosu zinaongezeka tena.

Mnyororo ukirefuka, hata motouke hajui nani kashika penseli. Aprili 2024 watafiti wa 38 North, tovuti inayochambua mambo ya Korea Kaskazini, walieleza kuhusu seva moja ya Korea Kaskazini iliyokutwa na mafaili ya kazi za uhuishaji, zikiwemo za Kijapani, yenye maelekezo ya Kichina yaliyotafsiriwa kwa Kikorea. Hawakupata ushahidi kwamba kampuni zilizotajwa kwenye mafaili zilifahamu.

Ukitaka kuitambua gurosu, tazama majina ya mwisho wa kipindi. Tafuta maneno 制作協力, ushirikiano wa utengenezaji. Jina la studio lililo hapo likibadilika wiki hadi wiki, umeiona. Kisha shuka kwenye safu ya 動画 (dōga) uhesabu majina ya kampuni dhidi ya majina ya watu.