Joto la Mei si joto la Oktoba

Dhana: Nchi za kaskazini zikipata joto zaidi, msimu wa mimea unarefuka, kwa hiyo misitu ya huko itafyonza hewa ukaa nyingi zaidi.

Ukweli: Inategemea joto limekuja mwezi gani. Likiwahi mwezi Mei katika misitu ya Kanada au Siberia, mchana tayari ni mrefu, na jani linalochipua mapema linapata mwanga wa kutosha kufyonza hewa ukaa. Faida ipo, ingawa mti ulioamka mapema hunywa maji mapema pia, na kiangazi kikiwa kikavu utakuta udongo umeshakauka.

Oktoba mambo hugeuka. (Huko ndiyo vuli, majani yanapopukutika, msiichanganye na vuli yetu ya mvua.) Mchana umefupika, na joto haliongezi mwanga hata kidogo. Bakteria na kuvu wa udongoni hawana haja na jua. Wakipata joto na unyevu wanaendelea kuozesha majani na mizizi, na hewa ukaa inatoka. Mwaka 2008, mwanasayansi Shilong Piao na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hesabu inayoshtua: hasara ya vuli zenye joto inaweza kufuta asilimia 90 ya hewa ukaa ya ziada iliyofyonzwa wakati wa machipuko. Mimi ningeanza kumfundisha mtu somo hili kwa kumwonyesha hesabu hiyo, kabla ya wastani wowote wa joto la mwaka.

Dhana: Theluji ikishaanguka, kila kitu kinalala.

Ukweli: Theluji ni blanketi. Kwenye tundra ya Alaska, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, baridi hushuka toka juu huku barafu ya kudumu (udongo ulioganda mwaka mzima) ikiwa chini, na udongo wa katikati hubaki kwenye nyuzi 0 kwa wiki nyingi bila kuganda sawasawa. Vijidudu vinaendelea na kazi. Utafiti wa huko uliotoka mwaka 2016 ulikuta kwamba angalau nusu ya metheni (gesi nyingine inayoongeza joto duniani) ya mwaka mzima hutoka kati ya Septemba na Mei, miezi ambayo zamani wengi hawakujisumbua kupima.

Dhana: Hewa ukaa ikishuka sana kila kiangazi, misitu inashinda.

Ukweli: Kinachoshuka kiangazi hurudi hewani majira ya baridi. Kule Mauna Loa, mlima wa volkano huko Hawaii, vipimo vya hewa ukaa vilivyoanza mwaka 1958 hufika kileleni kila Mei, na kilele cha kila mwaka kwa kawaida hukipita cha mwaka uliotangulia.